Jeevanjee Gardens, tao Nairobi: nyota nne, na mzee aliyetuachia hii bustani

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoishikilia nitaieleza huko mbele, msiwe na haraka.

Kama uko tao Nairobi na umebaki na saa moja hivi katikati ya shughuli zako, hujui uipeleke wapi na hutaki kuingia hoteli kuagiza chai ya kukalia kiti, enda Jeevanjee Gardens. Sisi tunaita tu Jevanjee, ukimwambia mtu wa boda hivo anajua. Iko ndani kabisa ya mji, upande mmoja Moi Avenue, upande mwingine Muindi Mbingu, alafu Monrovia na Moktar Daddah zinaifunga huku na huku. Ni kama ekari 5 tu, lakini ni ekari 5 za miti na nyasi mahali ambapo kipande cha kuweka kibanda watu wanapelekana kotini miaka na miaka. Hulipi kuingia. Hakuna anayekuuliza unaenda wapi ama umenunua nini. Hiyo ndio huduma ninayoipima hapa, kukaa bure chini ya mti katikati ya jiji, na mtu asione ni kitu kidogo, kwa sababu Arboretum unalipia mlangoni na ukijaribu kukaa kwa ngazi za jengo lolote hapo tao dakika tano hazijaisha soja ashakuja kukuinua.

Saa ya lunchi ndio utaielewa vizuri. Wanakuja wale wasichana na vijana wanaouza kwa maduka ya Biashara Street ambao wamesimama tangu asubuhi, wanakuja makarani, wanafunzi wa chuo, wanakuja watu wa kutafuta kazi na zile bahasha zao za kaki zenye vyeti, na wazee wanaosoma gazeti moja watu watatu. Nilikaa karibu na jamaa mmoja amevaa tai, shati imepigwa pasi kabisa, akavua viatu, akaingiza soksi ndani ya viatu, akaviweka chini ya kichwa kama mto, simu akaisukuma ndani ya shati mpaka tumboni, akalala fofofo. Nusu saa baadaye akaamka bila alamu yoyote, akajipangusa nyasi, akafunga kamba za viatu na kuondoka mbio mbio. Wanaolala hivo ni wengi sana na wote wana njia zao za kuficha simu, kwa hivo na wewe ukienda jifunze kwa wenyeji.

Kelele ziko, sitadanganya. Wahubiri wanasimama kila mmoja na kona yake na spika yake, na kama ulienda kutafuta kimya utarudi na kichwa kinauma. Wauza njugu na mayai ya kuchemsha wanapita, wapiga picha pia, ingawa kazi yao imepunguzwa sana na hizi simu. Mimi zile kelele sizichukii. Kinachonivuta zaidi ni yale makundi ya watu waliosimama duara wakibishana siasa, hapo ndipo Bunge la Mwananchi limekuwa likikutania tangu miaka ya 90, watu wa kawaida kabisa, makanga, mwalimu asiye na kazi, mama wa mboga, kila mtu anapewa nafasi aongee kuhusu bajeti ama bei ya unga ama polisi, na ukiropoka bila hoja unanyamazishwa na umati bila hata spika wa hilo bunge lao kusema neno. Nimeskia mjadala wa ushuru pale uliopangwa vizuri kuliko ule wa kwenye runinga usiku. Ni bure pia huo.

Sasa, kilichonifanya niandike hii yote ni mwenye jina lenyewe, kwa sababu naona watu wanakaa kwa nyasi za huyu mzee kila siku, miaka nenda miaka rudi, na ukiuliza Jeevanjee alikuwa nani unaambiwa "si ni Muhindi fulani wa zamani". Sanamu yake ya kifua iko humo humo ndani, watu wanaegemea karibu nayo wakiongea na simu.

Na kuna wanaopotosha kabisa. Siku moja nilijiunga na kikundi cha kutembezwa mjini, wale wanaokuonyesha majengo ya zamani (simtaji mwenye hiyo biashara), na kiongozi wetu alipofika hapo akasema Jeevanjee alikuja kama kuli wa reli, akabeba vyuma, akaweka akiba mshahara mpaka akawa tajiri. Ni hadithi tamu na wageni walitikisa kichwa wakaandika, lakini si hivo. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, Mwislamu wa dhehebu la Bohra, na alifika Mombasa 1890 akiwa mfanyabiashara tayari. Reli ilianza kujengwa 1896. Kabla ya Mombasa alishafanya biashara mpaka Adelaide huko Australia. Yaani huyu alikuja na macho ya mtu wa duka, akaangalia bandari, akaangalia Waingereza wanahangaika hawana chakula, hawana mafundi, hawana mawe yaliyochongwa, akaona kazi iko hapo.

Akaanza kuisambazia mahitaji ile kampuni ya Waingereza iliyokuwa inatawala kabla serikali yenyewe haijachukua nchi mwaka 1895. Reli ilipokuja, yeye ndiye aliyepewa tenda ya kuleta vibarua wa kwanza kutoka Punjab, watu kama 350. Hao walikuwa wa mwanzo tu, manake mpaka reli inaisha Wahindi walioletwa kuijenga walifika karibu 32,000, na kati yao karibu 2,500 walikufa, kwa magonjwa, kwa ajali, na wale wa Tsavo walioliwa na simba ambao ndio watu wanapenda kuwataja. Waliobaki hapa baada ya kazi ni kama 6,700, wengi zaidi walirudi kwao. Kwa hivo mnaposema Wahindi wote wa Kenya walikuja na reli mjue pia hapo hesabu haikubali, wafanyabiashara walikuwa pwani miaka mingi kabla, na wengine wengi walikuja baadaye kwa nauli yao wenyewe kufungua maduka.

Jeevanjee akawa anawalisha hao vibarua, anachonga mawe, anapasua miamba, anajenga stesheni na nyumba za wafanyakazi. Kila mahali reli inapofika yeye ana mkataba. Reli ikafika Nairobi Mei 1899, wakati huo Nairobi ni kinamasi na mahema, na huyu mzee akaanza kujenga hapo. Majengo mengi ya mwanzo ya huu mji ni yake, na serikali yenyewe ilikuwa inapanga kwake ofisi. Mnaelewa hiyo? Mkoloni anakutawala na mwisho wa mwezi anakulipa kodi ya nyumba. Akaingia kwa meli pia, na mwaka 1902 akaanzisha gazeti pale Mombasa, African Standard, lilikuwa linatoka mara moja kwa wiki.

Hilo gazeti bado liko. Mwaka 1905 aliliuza kwa wazungu wawili, likaitwa East African Standard, baadaye likahamia Nairobi, na leo ndilo The Standard mnalolisoma. Uchungu wake ni kwamba baada ya kuuzwa likawa sauti ya masetla, yaani walowezi wa kizungu, wale wale waliokuwa hawataki kumsikia yeye na wenzake. Alijenga kipaza sauti, akakiuza, kikaanza kumpigia yeye kelele.

Hapo ndipo mfanyabiashara alianza kugeuka mwanasiasa, na mimi naona ndio sehemu ya maisha yake inayofaa kuelezwa polepole.

Mtu angeuliza, wewe una pesa, una majengo, gavana anakujua, siasa ya nini? Lakini angalia alivyokuwa anaishi. Anaweza kujenga ofisi ya serikali lakini hawezi kununua shamba kule nyanda za juu, kwa sababu ile ardhi nzuri ilitengewa wazungu, na 1908 waziri wa makoloni kule London, Lord Elgin, akaandika kabisa kwamba Wahindi wasigawiwe huko. Katika mji waliwekewa mipaka pia, wapi wakae na wapi wafungue maduka. Mwaka 1902 bazaa ya Wahindi Nairobi ilipoingiwa na tauni daktari wa serikali aliamua ichomwe, ikachomwa. Mtu akiwa na duka anajua maana ya kuchomewa duka. Mimi sihitaji kuambiwa zaidi ya hapo kwa nini mwenye duka anaingia siasa, ni pale anapogundua kwamba kuna sheria ambayo hata awe na pesa kiasi gani hawezi kuinunua.

Baraza la kutunga sheria, LegCo, lilianza kukaa 1907 na lilikuwa la wazungu watupu. Mwaka 1909 Jeevanjee akateuliwa, akakaa kiti chake 1910, akawa mtu wa kwanza asiye mzungu ndani ya lile baraza. Kuteuliwa, si kuchaguliwa. Peke yake. Fikiria unaingia chumba kile, wenzako wote wanaongea lugha moja na wanajuana kwa klabu ambayo wewe hauruhusiwi kuingia, na kura yako ni moja dhidi ya zote. Hakukaa sana humo. Alichofanya ni kupanda meli mpaka London kwenda kupiga kelele huko huko kwenye chanzo, akaongea na magazeti, akaandika kijitabu cha malalamiko ya Wahindi wa Afrika Mashariki. Masetla walimchukia kwa hilo kuliko kitu kingine chochote, manake walizoea mambo ya hapa yaishe hapa.

Na hapa niseme kitu ambacho wengi wanaomsifu wanakiruka. Mwaka 1910 akiwa London aliwaambia wana habari kwamba hii nchi ingefaa iunganishwe na dola ya India, iwe chini ya India. Hiyo imeandikwa. Yaani sisi tungekuwa jimbo la ng'ambo la Bombay. Mwafrika hakuulizwa popote kwa hayo maneno. Mzee alipigania usawa, ndio, lakini usawa aliokuwa akiudai wakati huo ulikuwa wa Muhindi na mzungu, na sisi wenye nchi tulikuwa tunaonekana kama tuko nyuma ya pazia. Mwafrika wa kwanza kuingia LegCo ni Eliud Mathu, mwaka 1944, miaka 34 baada ya Jeevanjee. Mimi nampenda huyu mzee na bado nasema hivi, kwa sababu ukimficha mtu upande mmoja wa maisha yake, watu wakiugundua wanatupa na ule mzuri.

Alafu mambo yakabadilika kidogo kidogo. 1914 wakaanzisha chama chao cha kisiasa, East African Indian National Congress, yeye akawa rais wa kwanza. Vita ikaja ikapita. Vijana wakaingia, akina Manilal Desai, na hao wakaanza kusaidiana na Waafrika, Harry Thuku, kiongozi wa Waafrika, alikuwa anapata msaada kwa Desai alipokuwa anapinga kipande (kile kitambulisho Mwafrika alilazimishwa kubeba) na kupunguzwa kwa mishahara. Machi 1922 Thuku akakamatwa, watu wakajaa nje ya kituo cha polisi, Mary Muthoni Nyanjiru akawapigia kelele wanaume, risasi zikapigwa, wakafa zaidi ya watu 20 kwa hesabu ya serikali na wenye kuhesabu wenyewe walisema ni wengi zaidi. Ukitoka Jevanjee ukaenda kwa miguu upande wa chuo kikuu unafika eneo hilo kabla jasho halijakutoka. Mimi kila nikiwaskiliza wale wa Bunge la Mwananchi wakibishana nafikiria huo umbali.

Mwaka 1923 Jeevanjee, umri wake ukielekea 70, alikuwa kwenye ujumbe uliokwenda tena London kwa ile kesi kubwa ya nani ni nani Kenya. Masetla walikuwa wanataka wajitawale wenyewe kama Rhodesia, Wahindi wanataka kura sawa. Jibu likatoka kwenye ule waraka wa serikali ya Uingereza unaoitwa wa Devonshire, kwamba nchi hii ni ya Kiafrika na maslahi ya Waafrika ndio ya kwanza wakigongana na wahamiaji. Wazungu hawakupata walichotaka, Wahindi hawakupata nyanda za juu wala kura sawa, wakapewa viti vitano vya LegCo. Na Waafrika wakapewa maneno mazuri kwa karatasi, kazi ikaendelea vile vile. Lakini yale maneno tuliyatumia baadaye, na ugomvi wa akina Jeevanjee na masetla ndio ulioyalazimisha yaandikwe. Hapo namshukuru, hata kama hakutupigania sisi.

Utajiri ulimponyoka uzeeni. Alikufa Nairobi mwaka 1936, akiwa na miaka 80, na hakuwa tena yule tajiri wa zile siku za reli. Kati ya vitu vyote alivyojenga na kumiliki, nyumba, maduka, meli, gazeti, kilichobaki na jina lake mdomoni mwa watu ni kile alichokitoa bure.

Bustani aliitoa mwaka 1906. Ardhi ni yake, katikati ya mji ambao yeye mwenyewe anajua bei ya kila ploti kwa sababu ndiye anauza na kupangisha, na akasema hii iwe ya watu wapumzike. Akaweka na sanamu ya Malkia Victoria ndani yake, ikafunuliwa na mtoto wa huyo Malkia, Duke wa Connaught. Nimeskia watu wakimcheka kwa hiyo sanamu, ati alikuwa anajipendekeza. Mimi naiona tofauti. Kwa Wahindi wa wakati wake tangazo la Malkia la 1858 ndilo lililowaambia kwamba raia wake wote ni sawa mbele ya sheria, na wanasiasa wao walikuwa wanalishika kama hati ya deni. Kumweka Malkia pale katikati ya Nairobi, mbele ya masetla, naisoma kama kuwakumbusha kila asubuhi mlichoahidi. Huo ni usomaji wangu, mtu akatae akitaka.

Ile sanamu ya Malkia mwaka 2015 watu waliiangusha wakaikata kichwa. Kwa hivo ukienda na mwongozo wa kitabu cha zamani usiitafute kama ilivyo pichani.

Linganisha sasa na Lord Delamere, kiongozi wa masetla. Yeye alikuwa na barabara yenye jina lake, kubwa kuliko zote mjini, na sanamu yake iliyosimama hapo. Uhuru ulipokuja sanamu ikaondolewa na barabara ikawa Kenyatta Avenue. Government Road ikawa Moi Avenue. Hiyo Muindi Mbingu inayopakana na bustani ilikuwa na jina la mzungu, leo ina jina la mzee wa Ukambani aliyewaongoza watu wake kutembea mpaka Nairobi 1938 kudai ng'ombe wao walionyang'anywa. Majina yamepinduliwa pande zote, Jeevanjee hajaguswa. Hakuna aliyewahi kuona sababu ya kumguza, manake watu wamekaa hapo.

Waliotaka kuiguza ardhi yenyewe ndio wako. Mwaka 1991 waliokuwa wakisimamia jiji walikuja na mpango wa kujenga hapo, maegesho ya magari na maduka, na wakati huo kupinga mradi wa wakubwa haikuwa mchezo, Wangari Maathai alikuwa ametukanwa hadharani miaka miwili tu nyuma kwa kupinga jengo lililotaka kujengwa Uhuru Park. Aliyesimama mbele safari hii ni Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee. Watu wakasaini, wakaandika kwa magazeti, wakaandamana, mradi ukafa. Na baadaye ndiye aliyekaa chini akaandika maisha ya babu yake, ambayo ndiyo yametufanya tuyajue mengi ya haya. Kama umewahi kulala kwa zile nyasi saa saba na robo na ukaamka ukarudi kazini, huyo mama una deni lake.

Sasa hiyo nyota moja. Sikuikata kwa uchafu, ijapokuwa siku za wikendi jioni nyasi zinajaa makaratasi na hao wanaozitupa ni sisi wenyewe tunaolalamika. Sikuikata kwa wahubiri. Nimeikata kwa sababu mtu anaweza kuingia pale mara kwa mara mpaka azeeke na asijifunze chochote kuhusu aliyemwachia. Tunahitaji mabango yanayosomeka, kwa Kiswahili, makubwa, yenye hadithi yote, ile ya reli na ile ya LegCo na ile ya kutaka tuwe chini ya India na ile ya 1991, yawekwe mahali mtu anapopita na si pale anapopaswa kuinama. Wanafunzi wa shule huletwa tao kuona makumbusho na bunge, wapitishwe na hapo dakika 20, mwalimu awasimulie wakiwa wamekaa chini. Haigharimu chochote, ni pa bure.

Na wanaotembeza wageni, tafadhali, someni. Mtu amelipa pesa yake kuja kusikia historia ya Nairobi, usimpe ya kubuni wakati ya kweli ni nzuri kuliko hiyo. Mfanyabiashara aliyekuja na mtaji wake, akatajirika kwa jasho la vibarua aliowaleta (hilo pia lisemwe), akapanga nyumba kwa serikali iliyomkataza kununua shamba, akaingia baraza peke yake, akatoka, akavuka bahari kuwashtaki, akazeeka akidai, akafa bila mali. Unahitaji kuongeza nini hapo?

Mambo ya kujua kama unaenda. Asubuhi kabla ya saa nne ndio kuna utulivu, benchi zinapatikana na jua halijawa kali. Saa saba mpaka saa nane ndio watu wanajaa, enda huo wakati kama unataka kuona Nairobi ikipumua na kuskia mijadala. Jioni giza likianza ondoka, hasa kama uko peke yako na begi. Simu iweke mfuko wa mbele na usiilalie kichwani. Vyoo vya kulipia viko, beba pesa za chenji. Ukitaka kuingia kwenye duara la wale wa siasa simama pembeni kwanza uskize, alafu inua mkono, wanakaribisha wageni vizuri tu lakini watakuuliza unatoka wapi na unafikiria nini kuhusu serikali, na jibu la "mimi sina maoni" halikubaliki kabisa. Ukiwa na watoto chagua Jumapili mchana, familia nyingi zinakuja na kuna nafasi ya kukimbia.

Kutoka hapo City Market ni hatua chache kama unataka samaki ama vitu vya kununulia wageni zawadi, na Biashara Street iko upande huo huo, maduka ya vitambaa ya Wahindi bado yako, mengine yanaendeshwa na familia ile ile miaka mingi. Mimi ningeanzia bustanini, nikamwangalie mzee kwanza, ndio niende madukani.